Ndege wa Mbao, Ndege wa Pamba

Kiswahili kimewapa jina moja ndege na nguo. Kanga ni yule ndege wa madoadoa meupe anayekwenda kwa makundi katika nyika za Basotu na kwenye tambarare zilizo chini ya Mlima Hanang. Kanga ni ile nguo pia ambayo mwanamke wa Katesh au Dongobesh hujifunga kiunoni, hubebea mtoto, hujitanda msibani na kufungia unga anaotoka nao mashineni. Watu wa pwani husimulia kwamba nguo ilichukua jina la ndege kwa sababu pambo lake mojawapo la mwanzo lilikuwa madoa meupe juu ya rangi nzito, mfano wa manyoya yake. Ikiwa ndivyo, ndege huyu alianza safari yake kwenye kibao cha mti. Kabla ya viwanda kuingilia kati, nakshi za nguo hii zilichongwa mbaoni, zikapakwa rangi na kugongwa juu ya pamba kwa mkono. Tangu hapo amesafiri Uholanzi, Uingereza, Japani na Dar es Salaam, akapanda nyanda za juu za Mbulu akiwa amekunjwa katika mabunda ya wachuuzi. Ndiyo maana kila inapotajwa sanaa ya sehemu hizi, kanga huachwa nje ya hesabu: hakuna kibao chake kilichochongwa Mbulu, wala uzi wake haukusokotwa Hanang. Nadai hapa kwamba hesabu hiyo imekosewa. Sanaa ya kuchapa ina sheria yake ya umiliki, na sheria hiyo huonekana vizuri zaidi tukianza mbali, kwa wachongaji wa Japani waliowafanya ndege na maua kuwa mali ya kila mtu.

Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, picha za kuchapwa kwa mbao zilikuwa bidhaa ya mtaani katika karne ya 18 na 19. Ufundi wa kuchapa kwa rangi nyingi ulikamilika mwaka 1765, na jina linalotajwa zaidi katika hatua hiyo ni la Suzuki Harunobu. Picha moja ilipita mikononi mwa watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitakachouzwa. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachimba pembeni mwa kila mstari mpaka mistari ikabaki imeinuka, kisha akachonga ubao mwingine kwa kila rangi. Mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi ya mforosadi kwa kufuata alama mbili ndogo zilizochongwa ukingoni ili rangi zisipishane, akaisugua mgongoni kwa kisugulio bapa kilichofungwa ganda la mwanzi. Karatasi iliinuliwa, ikaletwa nyingine, na nyingine tena. Nakala zilihesabiwa kwa mamia na maelfu, na bei yake haikumshinda fundi wala mchuuzi: ilikaribia ile ya bakuli moja au mawili ya tambi. Mtu aliyeishi katika chumba kimoja aliweza kubandika ukutani korongo au tawi la mplamu, akalibandua msimu ulipopita na kununua lingine.

Picha za ndege na maua, ambazo Wajapani huziita kacho-ga, zilishamiri hasa katika miaka ya 1830 kwa kazi za Katsushika Hokusai na Utagawa Hiroshige. Hiroshige alimchora mdiria akishuka juu ya maua ya airisi, na shomoro juu ya kamelia iliyolemewa na theluji. Mara nyingi karatasi yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba, na pembeni mwa ndege palisimama shairi fupi lililoandikwa kwa mwandiko wa brashi. Ndege hakuchorwa peke yake bila sababu. Mila ilimwoanisha na mmea wake na msimu wake: shomoro na mwanzi, korongo na msonobari, yule ndege mwimbaji wa masika na maua ya mplamu. Mnunuzi aliyeyajua haya aliisoma picha kama methali, akatambua kwamba korongo na msonobari ni dua ya maisha marefu, na kwamba picha hiyo inafaa zawadi ya mzee kuliko ya mchumba. Inafaa tukumbuke pia kwamba ile buluu nzito inayotufanya tuseme "hii ni Japani" ilibuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Edo kwa meli za wafanyabiashara, na ikapata umaarufu katika picha hizi kuanzia mwaka 1830 hivi. Hakuna anayesema leo kwamba Hokusai si Mjapani kwa kuwa rangi yake ilitoka Ujerumani.

Tukiliweka kando suala la karatasi na kitambaa, mwanzo wa kanga Unguja unasimulia jambo linalofanana sana na hilo. Malighafi ilikuwa ya kigeni tangu siku ya kwanza. Merikani, kitambaa kizito kisichotiwa rangi, kililetwa na meli kutoka Massachusetts tangu miaka ya 1830, na jina lake linajieleza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata biashara hiyo, pamba ya Uingereza na India ilijaza pengo. Wanawake wa hali ya chini walivaa merikani au kaniki iliyotiwa nili, na wengi wao walikuwa watumwa au watu waliotoka utumwani. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa mjini walianza kununua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha sita kuwa nguo moja pana. Neno leso lenyewe ni la Wareno. Mafundi wa mjini nao walichapa nakshi kwa vibao vya mbao. Mtu akitaka kuiona athari ya kibao hadi leo, aitazame kisutu, kanga ya maharusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe: vipambo vyake vidogo hujirudia safu kwa safu, kila kimoja na nafasi yake, kama mhuri unavyogongwa. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliona soko, wakapeleka vielelezo kwa wachapaji wa Leiden na Helmond nchini Uholanzi na kwa viwanda vya Uingereza, na kwa muda viwanda hivyo vya Uholanzi viliendelea kutumia vibao vya mkono kuitimiza kazi hiyo. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, nguo yenye nakshi ilikuwa tayari imeshakuwa tangazo la hadhi mpya: aliyeivaa alisema bila kufungua mdomo kwamba kaniki ameiacha nyuma.

Kisha yakaja maneno. Simulizi ya Mombasa inampa heshima hiyo Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake mwaka 1887 na ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanzoni jina la kanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Nguo ikawa na sehemu tatu ambazo mvaaji yeyote anazitaja bila kufundishwa: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina linalokaa chini ya mji. Picha katika mji mara nyingi ni ya mmea au ndege: bibo la korosho, nanasi, embe, ua la mkarafuu, jogoo, njiwa, tausi. Jina huweza kuwa dua, kijembe, wasia au fumbo. "Wema hauozi" haina haja ya maelezo. "Usisafirie nyota ya mwenzio" inahitaji mtu anayejua nani anamwambia nani, na kwa nini kanga hiyo ilivaliwa siku hiyo na si jana.

Msomaji makini anaweza kupinga hapa kwamba ulinganisho huu unalazimishwa. Hiroshige ni msanii anayejulikana kwa jina, kazi zake zimetundikwa katika makumbusho makubwa ya dunia, ilhali kanga ni nguo ya jikoni isiyo na sahihi ya mchoraji. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linapima mambo kwa kipimo cha baadaye. Katika Edo yenyewe picha hizo hazikuhesabiwa kuwa sanaa ya juu. Wenye vyeo walitundika michoro ya brashi ya nakala moja, na karatasi za kuchapwa waliwaachia watu wa kawaida. Heshima zinazopewa leo ziliongezeka baada ya bandari za Japani kufunguliwa katika miaka ya 1850 na picha hizo kuwafikia wachoraji wa Ufaransa. Kanga nayo imeanza kupita njia hiyohiyo: British Museum ya London huzihifadhi, na mwaka 2013 ilizionyesha miongoni mwa nguo za Afrika za siku hizi. Vyote viwili vilianza kama vitu vya bei ndogo, vilivyotengenezwa na mikono mingi kwa agizo la mfanyabiashara, vyenye picha ya kiumbe anayefahamika na maneno machache yanayomgeuza kiumbe huyo kuwa ujumbe. Kukosekana kwa sahihi ya mchoraji kwenye kanga kunaifanya hoja iwe na nguvu zaidi. Nguo isiyo na mwenyewe kiwandani humpata mwenyewe pale inapochaguliwa.

Na uchaguzi huo ndio ulioiingiza Japani katika historia ya kanga. Mwaka 1926 kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kudumu kati ya Japani na Afrika Mashariki. Pamba ya Osaka ilikuwa rahisi kuliko ya Lancashire, na sheria za kimataifa ziliilinda bila kukusudia: mikataba ya bonde la Kongo, iliyotokana na mkutano wa Berlin wa 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, ilikataza Tanganyika, Kenya na Uganda kubagua bidhaa za taifa lolote. Kwa hiyo Uingereza ilipoweka viwango vya kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mwaka 1934, Afrika Mashariki haikuguswa. Vita vya Pili vya Dunia vilikata uzi huo, lakini baada ya vita ulifungwa upya, na kwa miongo kadhaa Japani ikawa mmoja wa wachapaji wakuu wa kanga. Utaratibu wenyewe ni funzo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam aliwasikiliza wateja wake, akajua nakshi gani imekwisha dukani na ipi imelala, akatuma mchoro na jina kwa njia ya posta. Fundi wa Japani aliandaa maneno ya lugha asiyoijua, kuhusu ugomvi wa mtaa ambao asingeuona maishani mwake. Nakshi ikipendwa, iliagizwa tena. Ikikataliwa na wanawake, mzigo uliozea ghalani na hasara ikawa ya mwagizaji.

Tusizidishe chumvi. Kanga hizo hazikuchapwa kwa mbao za mcheri, na sina sababu ya kumfanya fundi wa kiwanda cha miaka ya 1950 kuwa mjukuu wa mchongaji wa Hiroshige. Mashine, silinda na skrini vilikuwa vimeshachukua nafasi ya ubao. Undugu ninaouzungumzia uko katika utaratibu wa kazi na wa soko. Huku mchapishaji wa Edo, kule mwagizaji wa Mombasa. Huku mchongaji asiyetajwa, kule fundi wa skrini asiyetajwa. Na mwisho wa mnyororo, pande zote mbili, mtu wa kawaida mwenye fedha kidogo na jicho kali ambaye hukumu yake haikatiwi rufaa. Mnyororo wa namna hii hauna mahali pamoja pa kuzaliwa. Ukiuliza kanga ya mwaka 1960 ni ya nchi gani, pamba itakujibu hivi, rangi vile, mtambo vingine. Ukiuliza ni ya nani, jibu ni moja.

Sasa tupande Mbulu. Kanga haikukuta uwanja mtupu huku. Wairaqw, ambao wengi nchini huwaita Wambulu, walikuwa na sketi za ngozi ya mbuzi zilizoshonewa ushanga kwa uvumilivu wa ajabu: miduara, mistari na pembe zilizopangwa kwa nyekundu, nyeupe, buluu na manjano, na njuga ukingoni zilizolia kwa kila hatua. Kazi hiyo ilihusishwa na marmo, unyago wa wasichana, ambapo mwali alikaa ndani kwa miezi na kutoka akiwa amevaa alichokishona. Wabarabaig wa Hanang nao walikuwa na sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, yenye vishada virefu vilivyochanwa kwa ustadi, na iliyoheshimiwa kama kitu chenye baraka. George Klima, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi nao katika miaka ya 1950, aliandika jinsi wanawake hao walivyokuwa na baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Vazi na mamlaka vilikwenda pamoja. Hizi hazikuwa kazi za kuchapwa. Kila sketi ilikuwa moja tu duniani, na mtu aliyeivaa ndiye aliyeitolea jasho.

Hapa ndipo pingamizi kubwa zaidi linaposimama, na haliwezi kujibiwa kwa haraka. Mtu atasema kwamba nguo ya kuchapwa ndiyo iliyoiua sketi; kwamba kitu cha maelfu kilikifukuza kitu cha mmoja; na kwamba kuisifu kanga Mbulu ni sawa na kumsifu mgeni aliyemtoa mwenye nyumba. Kwanza tuangalie mpangilio wa matukio. Marmo ilififia wakati wa utawala wa Waingereza, na sketi ilifungamana na marmo. Unyago ulipokoma, mahali pa kuishonea palitoweka kabla nguo ya dukani haijafikia kila boma. Misheni na shule zilileta sare na gauni, na ngozi ikaanza kuonwa kuwa alama ya kubaki nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uongozi wa Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang, ulifanya kampeni ya kuwataka wafugaji, Wamasai hasa, waache ngozi na mashuka na wavae nguo zilizoitwa za kisasa. Kilichoiondoa ngozi kilikuwa na sauti ya amri. Kanga haikuamrishwa, ilikuwa imetandikwa chini kwenye mnada ikisubiri kuchaguliwa. Kati ya gauni la misheni na amri ya mkoa, ilikuwa nguo pekee ambayo mwanamke aliifunga apendavyo, akaichagulia rangi na maneno, na ambayo haikumdai akate wala kushona.

Jambo la pili linagusa lile neno "asili" ambalo pingamizi hili huliegemea. Ushanga wa sketi za Wairaqw ulikuwa wa kioo. Kioo hicho hakikuyeyushwa Kainam, huko huko milimani Mbulu. Kilitengenezwa Venice na Bohemia, kikavuka bahari, kikapanda bara mabegani mwa wapagazi, na kubadilishwa kwa mifugo au nafaka kabla ya kufika kwenye sindano ya mwali. Mwali huyo hakuwahi kuulizwa kama kazi yake ni ya Kiitalia, na angeulizwa angeshangaa. Kilichoifanya sketi iwe ya Kiiraqw ni mpangilio: rangi ipi ikae karibu na ipi, mduara uanzie wapi, nani avae na lini. Basi kama buluu ya Berlin ilikuwa ya Edo mikononi mwa Hokusai, na ushanga wa Venice ulikuwa wa Mbulu mikononi mwa mwali, haki hiyohiyo haiwezi kunyimwa pamba ya Osaka mabegani mwa mama wa Haydom. Ama tuzikatae zote tatu, tubaki na sanaa zisizo za mtu yeyote, ama tukubali kwamba umiliki umo katika uteuzi na matumizi.

Nakiri kwamba uteuzi una daraja zake. Kupanga ushanga elfu moja ni kazi nzito kuliko kuchagua doti moja kati ya ishirini. Mwali aliyatoa maumbo kichwani na mikononi mwake, lakini mnunuzi hupewa maumbo yaliyokwisha tayarishwa na wengine. Kitu kimepotea hapo, na hakuna wingi wa kanga unaoweza kukirudisha. Hata hivyo kuna kitu kilichopatikana ambacho ngozi haikuwa nacho, nacho ni maneno. Mbulu ni mahali pa pekee katika Afrika kwa lugha: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga wanachozungumza Wabarabaig, cha jamii ya Kiniloti, Kinyiramba na jamaa zake za Kibantu, na Kihadza upande wa Ziwa Eyasi, vyote vinapakana. Sketi ya ngozi ilisomwa vizuri na wa lugha moja na mvaaji. Kanga ilikuja na sentensi ya Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama kwa yeyote kati ya hawa, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa ya wote. Mwanamke wa Kibarabaig na jirani yake wa Kiiraqw waliweza kupelekeana kijembe kimoja na wote wakakielewa.

Mageuzi haya ya lugha yalishuhudiwa na Wajapani, na kwa karibu. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Kyoto kilituma watafiti chini ya Imanishi Kinji, na kundi moja likapiga kambi Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, katika iliyokuwa Wilaya ya Mbulu. Umesao Tadao na Tomikawa Morimichi waliishi na Wadatoga; Wada Shohei aliandika juu ya wakulima wa Kiiraqw wa milimani; na mwaka 1969 Ishige Naomichi alichapisha makala kuhusu namna watu wa makabila mbalimbali wanavyogeuka kuwa Waswahili kwa lugha na mwenendo. Umesao baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho ya taifa ya etnolojia huko Osaka. Hivyo katika muongo mmoja Japani ilikuwa na ncha mbili katika nchi hii: kiwandani fundi aliyechapa Kiswahili bila kukielewa, na Mangola msomi aliyekuwa akihesabu nani anakizungumza. Haikuwa lazima wafahamiane. Wote wawili walikuwa wakifuata nguvu moja, ya watu wa bara waliokuwa wakiichukua lugha ya pwani na kuifanya yao kwa jinsi walivyoichukua nguo yake.

Serikali nayo ilisukuma gurudumu hilo. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga ikaanza kuchapwa nchini kwa wingi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu wazima walijifunza kusoma. Kwa mwanamke wa kijijini aliyetoka darasa la jioni, jina la kanga lilikuwa maandishi aliyoishi nayo siku nzima: makubwa, mafupi, yenye utamu, na yaliyomhusu. Na ilipofika miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika kuisubiri doti kama walivyoisubiri sukari. Kitu cha kigeni kisicho na mizizi hakipangiwi foleni namna hiyo.

Linabaki swali la ushahidi, na hapa historia ina upendeleo ambao lazima tuutambue. Sketi za Wairaqw zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimepigwa picha na kuandikiwa maelezo, kwa kuwa zilikuwa chache na wakusanyaji walizitafuta. Kanga zilizovaliwa Dongobesh mwaka 1955 hazimo popote. Zilivaliwa mpaka zikapauka, zikawa za kubebea mtoto, kisha nepi, kisha kitambaa cha kuepulia sufuria, kisha tambara la mlangoni. Picha za Edo zilipatwa na hatima hiyohiyo: nyingi zilibandikwa ukutani zikapigwa na jua na moshi, na tunazozisifu leo ni zile zilizobahatika kufichwa ndani ya albamu. Kitu kinachomilikiwa na kila mtu ndicho kinachoacha alama ndogo zaidi, kwa sababu hutumika mpaka kikaisha. Mwanahistoria akipima thamani kwa kilichobaki kabatini, ataandika historia ya vitu vya wachache na kuviita sanaa, na vilivyofunika maisha ya wengi ataviita bidhaa.

Ndiyo maana nafasi ya kanga katika historia ya Mbulu na Hanang haiwezi kutafutwa kiwandani wala makumbushoni. Ipo mnadani Katesh, pale mwanamke anapoifungua doti, akaitazama kama mji na pindo vinapatana, akalisoma jina, akamfikiria atakayemwona ameivaa, akairudisha na kuomba nyingine. Mchapishaji wa Edo aliishi kwa kuiogopa hukumu ya namna hiyo, na mwagizaji wa Mombasa vilevile. Ndege wa mbao aliruka mbali sana kufika chini ya Mlima Hanang, ambako ndege mwenyewe, yule wa manyoya, alikuwa akipekua udongo siku zote. Aliyemchagua pale mnadani alimtambua kwa madoa yake, akamlipia, akamfunga kiunoni na kwenda naye nyumbani.